Dirisha la Kuhimili Upepo na Mvua ya Mawe: Mwongozo Kamili kwa Anayejenga Nyanda za Juu Kusini

Jioni moja ya Desemba niliitwa nikaangalie nyumba ya jamaa yangu pale Uyole, Mbeya. Mvua ya mawe ilikuwa imekatika nusu saa tu kabla sijafika. Kwenye chumba cha watoto nilikuta dirisha zima limelala juu ya kitanda: fremu, reli, nyavu, na kioo chake cha milimita 6. Kioo hakikuwa na hata ufa. Skrubu zilizolishika zilikuwa nne, na kila moja ilikuwa imetoka na kipande cha plasta kisichozidi kizibo cha soda. Watoto, Mungu ni mwema, walikuwa jikoni na mama yao.

Mwenye nyumba alikuwa ameongeza fedha ili apate kioo kinene, na kioo alikipata. Kilichomponza ni kwamba kioo kinene kilifungwa kwenye fremu nyembamba, na fremu ikashikizwa kwenye plasta badala ya tofali. Kosa hilo hilo nimeliona Mafinga, Makambako na Tukuyu, kwa watu makini kabisa. Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue kioo gani, namwambia tuanze na ukuta. Kioo tutakifikia.

Kwa nini dirisha ni suala la paa

Dirisha la upande wa upepo likivunjika, upepo unaingia ndani na kukosa pa kutokea. Unasukuma dari kwenda juu. Wakati huo huo upepo unaopita juu ya paa unavuta bati kwenda juu. Nguvu hizo mbili zikikutana, misumari inang'oka. Mara nyingi bati likiezuliwa tunamlaumu fundi wa paa, kumbe chanzo ni tundu la dirisha la sebuleni.

Kuna watu wanaofungua dirisha makusudi dhoruba ikianza ili "upepo upite". Tafadhali usifanye hivyo. Unaufungulia mlango uingie chini ya paa lako.

Sisi hatuhitaji kila kitu cha Florida

Ukitafuta habari za madirisha imara utakutana na madirisha ya vimbunga ya Marekani. Baada ya kimbunga Andrew cha Agosti 1992, kusini mwa Florida waliweka kipimo kikali. Ubao wa inchi 2 kwa 4, wenye uzito wa kilo 4 na kidogo, unarushwa kwenye dirisha kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Kisha dirisha lile lile linasukumwa na kuvutwa kwa hewa maelfu ya mara. Kioo kinaruhusiwa kupasuka, lakini hakiruhusiwi kuachia tundu.

Kimbunga cha bahari kinahesabiwa kuanzia upepo wa kilomita 119 kwa saa. Kwetu huku juu, mbali na pwani, kinachotupiga ni dhoruba za radi, mawe, na upepo wa kiangazi usiochoka. Kwa hiyo huhitaji kuagiza dirisha la Florida. Chukua kanuni yao: dirisha lipasuke kama ni lazima, lakini lisifunguke. Kanuni hiyo inatekelezeka kwa vifaa vinavyopatikana soko la Mwanjelwa, Mbeya, au Iringa mjini.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tepu ya mita 5, pima maji na timazi
- Karatasi ya mchoro wa nyumba, hata wa mkono
- Kalipa ya kupimia unene wa aluminiamu (usiende kununua bila hiyo)
- Drili yenye uwezo wa kugonga, na biti za tofali za milimita 8 na 10
- Fisha (vishikio vya skrubu ukutani) za plastiki ngumu za milimita 10, na skrubu zisizoshika kutu za urefu wa milimita 100
- Silikoni ya nje isiyonuka siki
- Vipande vya raba ngumu vya kukalisha kioo
- Mpira wa maji au ndoo na kopo, kwa ajili ya jaribio la mwisho

Hatua ya 1: Soma upepo wa kiwanja chako

Upepo wetu ni wa namna mbili. Wa kwanza ni kusi ya kiangazi, inayovuma kutoka kusini mashariki kuanzia Mei hivi hadi Oktoba. Mtu wa Makambako hahitaji kusimuliwa. Upepo huu ni wa siku nyingi mfululizo, unaingiza vumbi na baridi kwenye kila mwanya. Hauvunji dirisha mara moja, unalilegeza taratibu.

Wa pili ni upepo wa dhoruba, kati ya Novemba na Aprili. Huu hushuka kutoka kwenye wingu lenyewe na kutawanyika ukifika chini, kwa hiyo hauna upande maalumu. Leo unatoka mlimani, kesho unatoka bondeni. Ndio unaobeba mawe.

Chora nyumba yako, weka alama ya kusini mashariki, kisha tia alama kila dirisha lisilokingwa na jengo, mlima au miti. Waone majirani wa siku nyingi. "Shikamoo mzee, mwaka ule bati zilipoezuliwa hapa, upepo ulitokea wapi?" Swali hilo linaweza kukufaa kuliko kifaa chochote. Tazama pia milingoti (mikaratusi) iliyo peke yake uwandani. Ikiwa yote imeinamia upande mmoja, imekuandikia jibu.

Halafu zunguka kiwanja utafute vitakavyoruka: bati lililolegea kwenye banda la jirani, tofali zilizowekwa juu ya bati kulizuia, tawi kavu la mparachichi. Kupigilia misumari bati la jirani kwa ridhaa yake ni rahisi kuliko kununua kioo kipya.

Umefanikiwa ukiwa na karatasi moja inayoonyesha madirisha ya hatari kubwa na yale ya kawaida. Fedha zako zitafuata karatasi hiyo.

Hatua ya 2: Pima ukuta kabla ya kupima dirisha

Nyumba nyingi za huku ni za tofali za kuchoma. Kuna zilizojengwa kwa saruji na kuna zilizojengwa kwa udongo, kisha zikapigwa plasta ya saruji juu. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwa skrubu, tofauti ni ya mbingu na ardhi.

Fanya jaribio. Toboa tundu la milimita 10 pembeni mwa uwazi wa dirisha, mahali patakapofunikwa na fremu, lenye kina cha sentimita 8. Angalia unga unaotoka. Ukianza mweupe wa plasta kisha ukawa mwekundu na drili ikawa inapambana, uko kwenye tofali. Drili ikizama ghafla kama kwenye ugali, umeangukia udongo.

Weka fisha, kaza skrubu ukiacha kichwa nje, kisha ivute kwa nyundo ya kung'olea misumari. Ikiguswa na kuanza kutoka, ukuta huo haushiki dirisha, hata ukinunua kioo cha benki.

Dawa ipo. Vunja tofali za pembeni mwa uwazi, kila upande, uzijenge upya kwa saruji. Kwa dirisha kubwa lililo wazi kwa upepo ni bora zaidi kumwaga nguzo nyembamba ya zege yenye nondo kila upande, iungane na linta, ile boriti iliyo juu ya uwazi. Hakikisha linta yenyewe imelala juu ya ukuta angalau sentimita 20 kila upande wa uwazi.

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani ikiisha. Nakuomba usiiruke. Dirisha la Uyole liliangukia hapa.

Hatua ya 3: Gawanya uwazi

Upepo wa kilomita 60 kwa saa unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya mzigo wa kilo 17 hivi. Ukifika kilomita 100, mzigo unakuwa kilo 48. Ukifika 150, unakuwa kilo 108. Kasi ikiongezeka mara mbili, mzigo unaongezeka mara nne.

Dirisha la mita 1.5 kwa 1.5, upepo ukiwa kilomita 100, linabeba zaidi ya mifuko miwili ya saruji. Na upepo hausukumi tu. Madirisha ya ubavuni na ya nyuma ya nyumba yanavutwa kwenda nje, kwa hiyo yote yanahitaji kushikwa pande zote mbili.

Sasa jambo ambalo wauza vioo hawalisemi. Kwa kioo kirefu kilichosimama, kupunguza upana kwa nusu kunapunguza mkazo sawasawa na kuongeza unene mara mbili. Yaani kioo cha milimita 4 chenye upana wa sentimita 60 kinabeba mkazo sawa na cha milimita 8 chenye upana wa sentimita 120. Mhimili mmoja wa aluminiamu katikati unaweza kukuokolea gharama kubwa.

Kwa upande wa hatari, mimi sipendi kioo kimoja kizidi upana wa sentimita 75. Najua sebule zenye kioo kipana kuanzia sakafuni zinapendeza. Kama unaitaka sana, iweke upande uliokingwa na mlima au na nyumba nyingine.

Hatua ya 4: Chagua namna ya kufunguka

Dirisha lisilofunguka ndilo imara kuliko yote. Halina reli, halina gurudumu, halina mwanya. Kwenye sebule weka kioo kikubwa kisichofunguka katikati, na vidogo vya kufunguka pembeni.

Dirisha la bawaba linalofungukia nje ni chaguo langu la pili. Upepo ukilisukuma linajibana lenyewe kwenye raba. Ila liwe na komeo zaidi ya moja kwa urefu wake, na stei imara ya kulishika likiwa wazi. Bila stei, upepo wa ghafla utalikung'uta hadi bawaba zing'oke.

Slaidi, yaani dirisha la kusukuma pembeni kwenye reli, ndiyo tuliyoizoea, na kwa upande uliokingwa haina ubaya. Udhaifu wake ni kwamba inaingiza vumbi na maji kwenye reli, na ubao wake wa kioo unaweza kuchomoka. Ukiwa dukani, shika ubao wa slaidi ikiwa imefungwa, uinyanyue kwa mikono miwili. Ukitoka kwenye reli, upepo nao utautoa. Mwambie fundi aweke kizuizi ndani ya reli ya juu, na uhakikishe kwamba pale bao mbili zinapopishana katikati zinashikana kwa ndoana ya urefu mzima.

Luva za vioo usiziweke popote penye alama ya hatari. Kila kipande kimeshikwa ncha mbili tu, na mawe yanavikuta kimoja kimoja.

Hatua ya 5: Chagua fremu

Kwa aluminiamu, toa kalipa yako. Usikubali kuelezwa kuwa "hii ni nzito". Pima ukuta wa profaili (ule mti wa aluminiamu wa fremu) sehemu inayobeba, si ukingo wa urembo. Kwa dirisha kubwa la upande wa hatari, tafuta milimita 1.4 au zaidi. Chini ya milimita 1 ni ya kabati.

Geuza sampuli uangalie kona kwa ndani. Kona nzuri ina kipande cha chuma au aluminiamu kilichobanwa ndani ya profaili zote mbili. Kona iliyoshikwa na skrubu moja tu itaanza kucheza mwaka wa pili.

Angalia pia kina cha mfereji unaomeza kioo. Kioo kinatakiwa kuingia angalau milimita 12 kila upande. Kikiingia milimita 6, upepo utakikunja kidogo na kukichomoa kikiwa kizima. Na chini ya fremu kuwe na vitobo vya kutolea maji, vinavyotazama nje. Nimeshakuta vimezibwa kwa silikoni na fundi aliyedhani anazuia maji.

Mbao nayo ni nzuri, na sisi tuko jirani na msitu wa Sao Hill. Paini yenye dawa, iliyokauka vizuri, inatoa fremu inayozuia baridi kuliko aluminiamu. Masharti ni mawili: mbao iwe imekauka kweli, kwa sababu mbichi itapinda ndani ya miezi michache, na ipakwe rangi pande zote sita kabla ya kufungwa, pamoja na upande utakaoegemea ukuta. Upande huo ndio unaooza kwanza.

Hatua ya 6: Sasa kioo

Kuna kioo cha kawaida, kioo cha tempa, na kioo cha laminati. Wengi wanavichanganya, na wauzaji wengine pia.

*Kioo cha kawaida* kikivunjika kinatoa vipande virefu vinavyokata kama panga. Kwa upande uliokingwa, kikiwa kidogo, milimita 5 inatosha.

*Kioo cha tempa* kimepashwa moto mkali kiwandani kisha kikapozwa kwa haraka. Nguvu yake ni kama mara nne ya kioo cha kawaida cha unene ule ule, kwa hiyo kinavumilia mawe ya mvua vizuri sana. Lakini kikizidiwa kinasambaratika chote kwa pamoja kuwa punje ndogo, na dirisha linabaki tundu. Kinakulinda usikatwe, hakilindi paa. Tena hakikatwi baada ya kutengenezwa. Muuzaji akikuambia atakikata hapo hapo dukani, basi si cha tempa.

*Kioo cha laminati* ni vioo viwili vilivyogandishwa na utando wa plastiki katikati. Kikigongwa kinatoa nyufa kama utando wa buibui, lakini vipande vinabaki vimeshikwa na upepo hauingii. Hiki ndicho msingi wa madirisha ya vimbunga. Cha kawaida sokoni kina milimita 6.38: vioo viwili vya milimita 3 na utando wa 0.38. Kwa upande wa hatari omba utando wa 0.76. Kule kwenye vimbunga vya bahari wanatumia hadi 1.52 na 2.28.

Kukitambua ni kazi ya dakika moja. Tazama ukingo uliokatwa, juani: utaona mstari mwembamba katikati, kama krimu kati ya biskuti mbili. Kigonge kwa kifundo cha kidole: sauti ni ya kufifia, haina mlio wa kengele. Kioo cha tempa kwa kawaida kina muhuri mdogo usiofutika kwenye kona.

Filamu ya kubandika juu ya kioo cha kawaida inasaidia vipande visiruke. Haikigeuzi kuwa laminati, kwa sababu imeishia kwenye ukingo wa kioo na haijashikwa na fremu. Karatasi ya gundi iliyobandikwa kwa alama ya X haisaidii kitu.

Kumbuka uzito. Kila mita ya mraba ya kioo ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Dirisha la bawaba lenye laminati lahitaji bawaba zilizokusudiwa uzito huo.

Fedha zikiwa chache, mimi ningegawa hivi: laminati kwenye madirisha ya hatari ya sebule na vyumba vya kulala, tempa kwenye madirisha madogo yanayopigwa na mawe, na bafuni, kioo cha kawaida kwingine kote. Ni heri laminati mbili mahali pake kuliko kioo cha milimita 8 nyumba nzima.

Hatua ya 7: Andikianeni

Kabla ya kutoa malipo ya awali, andika kwenye karatasi aina ya kioo na unene wake, unene wa profaili, idadi ya skrubu kwa kila dirisha, na kwamba sehemu ya mwisho ya malipo itatolewa baada ya jaribio la maji. Fundi mzuri hatachukia. Vipimo vichukuliwe baada ya plasta kumalizika, hasa kama kioo kinaagizwa kutoka Dar es Salaam, maana kikija kikubwa kwa sentimita moja hamna la kufanya.

Hatua ya 8: Kufunga

Siku hii usisafiri. Kaa hapo hapo, na chai ya mafundi uiandae mapema.

Uwazi uwe mkubwa kuliko fremu kwa milimita 5 hadi 10 kila upande. Fundi akilazimisha fremu iingie kwa nyundo, mwambie taratibu apanue uwazi. Fremu iliyobanwa inapinda, na kioo kilichokaa kwenye fremu iliyopinda hupasuka chenyewe siku ya jua kali baada ya baridi.

Kalisheni fremu kwa pima maji, kisha pimeni kona kwa kona. Mishazari miwili ikitofautiana zaidi ya milimita 3, rekebisheni kabla ya kutoboa.

Skrubu ya kwanza iwe sentimita 15 kutoka kila kona, kisha nyingine kila sentimita 40 hadi 50, pande zote nne. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.5 linapata 16. Kila skrubu iingie kwenye tofali au zege angalau sentimita 5, bila kuhesabu plasta. Hesabu hiyo ndiyo inayosahaulika. Kama plasta ni sentimita 2 na skrubu inabaki na sentimita 3 tu za tofali, umefunga dirisha la Uyole. Usitoboe karibu na ukingo wa tofali, litameguka. Ingia ndani sentimita 5 au 6. Na usiifuate mistari ya saruji kati ya tofali, lenga tofali lenyewe.

Kwenye mwanya, msishindilie saruji mbichi ikigusa aluminiamu. Saruji inaila. Acheni karatasi ya kinga kwenye fremu hadi mwisho, na mwanya uzibwe kwa silikoni, ndani na nje.

Hapa nusa. Kweli, fungua bomba la silikoni unuse. Ikinuka siki, ni ya bafuni na kioo. Inakula baadhi ya metali, haishiki vizuri kwenye saruji, na ikigusa ukingo wa laminati inaweza kuuachanisha utando wake ukaanza kuwa na mawingu meupe pembezoni. Tumia ile isiyonuka siki.

Kioo kisikae juu ya chuma tupu. Kikalie vipande viwili vya raba ngumu, kila kimoja kikiwa robo ya upana kutoka kwenye ncha yake.

Kizingiti cha nje kielekee nje, na chini yake kichongwe mfereji mdogo ili tone la maji lidondoke lisirudi ukutani. Kwa wa Rungwe, ambako mvua ni ya miezi mingi, mfereji huo ndio unaoamua kama ukuta wako utaota ukungu.

Tahadhari ya grili. Grili inazuia mwizi, haizuii mawe wala upepo. Na katika kila chumba cha kulala, grili ya dirisha moja ifunguke kutoka ndani, ufunguo ukae mahali ambapo hata mtoto anapajua. Moto ukianza, hakuna muda wa kumtafuta fundi wa kukata nondo.

Hatua ya 9: Jaribu kabla hujamaliza kulipa

Siku moja baada ya silikoni kukauka, fanya mambo manne.

Kwanza, weka viganja viwili katikati ya fremu usukume kwa uzito wako, kisha vuta. Isisogee wala isilie.

Pili, bana kipande cha karatasi kwenye dirisha la kufunguka, ulifunge, ujaribu kukivuta. Kikitoka kirahisi, raba haishiki hapo. Rudia kila pembe.

Tatu, mwagia maji kwa mpira kutoka nje, ukianzia chini na kupanda taratibu, dakika kumi nzima. Kuanzia chini kunakuonyesha yanapoingilia. Ukianza juu, maji yote yatateremka na hutajua kosa liko wapi. Mtu mwingine awe ndani na tambara kavu. Ushindi ni tambara lile lile kubaki kavu, na maji kuonekana yakitoka nje kwenye vile vitobo vya chini.

Nne, usiku wa upepo, pitisha moshi wa ubani pembezoni mwa dirisha. Upande ambao moshi unakatika, upepo unaingia.

Kama laminati haijafikiwa bado: vifuniko vya mbao

Hii siyo njia ya kimaskini. Huko Florida nako watu wanafunga vifuniko juu ya madirisha kila msimu. Mbao ya inchi moja, au plaiwudi ya milimita 18, yenye mihimili miwili ya kukingama nyuma yake, ikining'inizwa kwa bawaba nje ya dirisha na kufungwa kwa komeo juu na chini, inapokea mawe na matawi badala ya kioo. Bawaba zake zishikwe kwenye tofali kwa sheria ile ile ya sentimita 5. Kifuniko chenye bawaba dhaifu kinageuka kuwa kitu cha kuruka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa na upepo, vifunge mapema. Ukisubiri usikie mawe kwenye bati, umechelewa.

Dirisha lililozibwa vizuri na jiko la mkaa

Hili naliandika kwa msisitizo wote nilio nao. Nyumba zetu za zamani zilivuja upepo, na uvujaji huo uliwaokoa watu wengi bila wao kujua. Ukishaziba madirisha kama nilivyoeleza, jiko la mkaa ndani ya chumba wakati wa baridi ya Juni na Julai linaua. Hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na mtu hulala akidhani anapata joto.

Acha matundu ya hewa juu ya linta katika kila chumba, yenye wavu na kikinga mvua. Usiyazibe kwa matambara Makete ikiganda. Mkaa ubaki nje hata yakiwa yamebaki makaa mekundu tu.

Kila Oktoba

Kabla mvua hazijaanza, zungukia madirisha yote. Safisha reli na vitobo vya maji kwa mswaki wa zamani, maana vumbi la kusi limevijaza. Kaza skrubu zinazoonekana. Bonyeza silikoni kwa kidole: iliyoachana na ukuta ikatwe, isipakwe mpya juu yake. Raba iliyokakamaa ibadilishwe.

Na kama laminati itapasuka kwa mawe, usiiguse wala usiitoe. Iache ilivyo, hata kama inachukiza macho, funga kifuniko cha mbao au plaiwudi kwa nje, kisha agiza nyingine kwa vipimo ulivyoviandika kwenye ile karatasi ya mchoro. Itaendelea kuzuia upepo hadi siku kioo kipya kitakapofika.